Masaa Kumi na Sita ya Mzee Ravindra

Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, kuna mzee alikuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja. Siku mbili mfululizo.

Sehemu ya kwanza ni ukumbi wa hoteli moja hapa mjini, kwenye semina ya wahasibu. Kiyoyozi, chai ya saa nne, sambusa. Sahihi yake ipo, cheti kipo, muhuri upo.

Sehemu ya pili ni sakafu ya bafu lake. Nyonga imevunjika, kuinuka hawezi.

Hapa hakuna uchawi. Ungekuwepo ningelala vizuri zaidi.

Kaeni vizuri niwape mkasa wenyewe, maana mimi nilikuwemo. Tena nilikuwemo vibaya.

Naitwa Zulekha. Nakalia duka la stationari la mjomba wangu, Mchafukoge, mtaa ambao hata kukicha hakuchi bila spika ya mtu anayetangaza viatu.

Kazi yangu ni kutoa kopi, kuprinti, kuskani, kulamineti na kuwachokoza wateja. Hiyo ya mwisho mjomba hakunituma.

Kila mteja wangu ana jina. Kuna kaka anaprinti barua ya kuomba kazi kila Jumatatu, namwita Mheshimiwa Mtarajiwa. Kuna mama anakuja kutoa kopi za talaka yake, kila wiki nakala mbili, namwita Bi Ushahidi.

Wanacheka, wanarudi.

Jioni nafunga duka, narudi chumbani kwangu Ilala. Mama alisharudi Newala, mwaka wa tatu huu. Nakaa kitandani, simu mkononi, sina wa kumchokoza.

Tuachane na hayo.

Juu ya duka letu, ghorofa ya tatu, anaishi Mzee Ravindra. Miaka sabini na moja, mhasibu mwenye leseni, shati jeupe kila siku ya Mungu.

Zamani ghorofa lile lote lilikuwa la familia za Kihindi. Milango wazi, watoto wanakimbizana koridoni, harufu ya bizari mpaka barabarani. Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia.

Wengine wakahamia Upanga, wengine ng'ambo, wengine wakafa. Mke wake, Nayna, ni mmoja wa hao wa mwisho. Binti yao Krupa ni nesi Uingereza.

Vyumba vya majirani vikageuka stoo za wafanyabiashara. Kwa hiyo ghorofa ya tatu nzima ni maboksi ya viatu, maboksi ya viatu, maboksi ya viatu, na Mzee Ravindra.

Mimi nilimpa jina Mwanafunzi.

Sababu ni hii. Mimi nilimaliza kidato cha nne nikagawa madaftari kwa muuza karanga. Shule na mimi basi. Mhasibu mwenye leseni hana bahati hiyo. Kila mwaka bodi yao inataka afikishe masaa arobaini ya kujiendeleza: semina za sheria mpya za kodi, semina za maadili, mambo kama hayo. Ukifikisha, leseni inaendelea. Usipofikisha, jina linatoka kwenye orodha.

Sasa mtu wa miaka sabini na moja anashuka ngazi na daftari kwapani, utamwitaje?

"Shikamoo Mwanafunzi."

"Marahaba Mwalimu. Leo nimefeli nini?"

"Umefeli tai. Haiendani na dunia."

Anacheka mpaka anashika ukuta. Halafu ananipa vyeti vyake nivitunze, maana faili lake la masaa lilikuwa kwangu dukani. Barua pepe yenyewe hakuwa nayo, alitumia ya duka. Barua zake nilikuwa nasoma mimi, najibu mimi. Ananiambia, "Wajibu tu, Zulekha, unajua lugha yangu."

Mwaka jana alichelewa. Katikati ya mwaka presha ilimsumbua, semina kadhaa zikampita. Ilipofika mwezi wa kumi na moja alikuwa na masaa ishirini na nne tu, na imebaki semina moja ya mwisho. Siku mbili, Alhamisi na Ijumaa, masaa manane kila siku.

Piga hesabu. Kumi na sita. Ishirini na nne na kumi na sita ni arobaini kamili. Hapo hata mimi ni mhasibu.

Nikamtania kwamba apumzike sasa, aachie leseni, akale viazi karai mtaa wa pili kama wazee wenzake.

Hakucheka.

Aliniambia, "Kwa wiki watu watatu, wanne, wanapanda ngazi hizi. Wanaleta vitabu vyao, tunakunywa chai, wananiambia habari za nje. Wanachofuata ni sahihi yangu. Leseni ikitoka, watapanda kufuata nini?"

Nikajifanya karatasi imekwama kwenye mashine.

Basi, Jumatano akapita kuchukua kalamu mpya. Akaahidi kwamba Alhamisi jioni ataniletea sambusa ya semina, ataifunga kwenye kitambaa cha karatasi kama mwizi.

Alhamisi jioni hakupita.

Nikasema kachoka.

Ijumaa hakupita.

Nikanuna. Kabisa kabisa nikanuna, kwa sambusa. Nikawa namsema peke yangu pale dukani, eti mzee kapata washkaji wa hotelini, kawasahau wa ngazini.

Ijumaa hiyo hiyo, saa kumi, ikaingia barua pepe ya waandaaji. Wanamwomba ndugu mshiriki athibitishe kwamba amehudhuria siku zote mbili, na aseme jina lake liandikweje kwenye cheti.

Nikajibu kwa jina lake, kama kawaida. Nikaandika amehudhuria, jina liandikwe kwa ukamilifu, na sambusa zilikuwa tamu. Nikacheka mwenyewe. Nikatuma.

Kumbukeni hiyo barua.

Jumamosi asubuhi cheti kikaja. Kimeambatanishwa na picha ya pamoja, wahasibu kama sitini wamejipanga mbele ya hoteli.

Nikaikuza ile picha kwenye kompyuta ili nimtafute Mwanafunzi, nipate cha kumtania. Safu ya mbele hayupo. Na yule mzee kwenye picha hupenda mbele, faili zima la picha zake ninalo, zote yuko mbele, mikono nyuma kama mkuu wa shule.

Safu ya kati hayupo. Ya nyuma hayupo.

Nikampigia. Simu inaita, inaita, inakatika. Nikapiga tena.

Rafiki yake wa semina nilikuwa namjua, anaitwa Nurdin. Mhasibu pia, ana ofisi Mtaa wa Msimbazi, na vyeti vyake huprinti kwangu. Miaka kumi na tano wanakaa viti vya jirani. Nikampigia yeye.

Nikamuuliza kwa masihara, Mzee wetu mmemficha safu ya ngapi?

Nurdin akacheka. Akasema hakumuona vizuri.

"Hukumuona vizuri au hukumuona?"



"Zuu, mimi nilimsainia. Si unajua huwa anachelewa, mpaka amalize kusali. Asubuhi huwa namsainia, halafu anakuja."

"Alhamisi alikuja?"

"Nilijua yuko nyuma."

"Na Ijumaa?"

Hapo sauti ya Nurdin ikabadilika. "Ijumaa nayo nilimsainia."

Sikumuaga. Niliacha duka wazi, mashine inatoa kopi za mtu, nikapanda ngazi mbili mbili.

Mlango umefungwa kwa ndani. Nimegonga mpaka kiganja kikawaka. Jamaa mmoja anayebeba maboksi ya stoo ya jirani alikuwa anapita na mzigo kichwani. Nikamwambia autue, tuuvunje mlango.

Akautua. Akaniangalia kwa aibu.

"Dada, jana nilisikia kitu kinagongagonga humo. Nikajua fundi bomba."

Siku mbili alikuwa anapita mbele ya ule mlango. Sikumlaumu. Mimi siku mbili nilikuwa chini yake.

Teke la tatu likafungua.

Mzee Ravindra alikuwa bafuni, mgongo ukutani, kajifunika taulo. Aliteleza Alhamisi asubuhi akijiandaa kwenda semina. Nyonga ikavunjika. Bomba la kujazia ndoo liko chini, analifikia kwa mkono, hilo ndilo lililomuweka hai. Mkononi alikuwa na kopo la kuogea la plastiki, limepasuka mdomo kwa kugongea mlango.

Suruali ya semina ilikuwa imetundikwa nyuma ya mlango, imenyooshwa, mstari umesimama.

Alinitambua. Midomo imekauka, sauti kama karatasi.

"Zulekha. Semina imeisha?"

Mimi ambaye kila neno nina jibu, siku hiyo nililia mbele ya mbeba maboksi.

Hospitali alikaa karibu mwezi mzima. Alipasuliwa nyonga, akawekewa chuma. Krupa alikuja kutoka Uingereza, akakaa siku kumi, likizo ikaisha, akaondoka analia. Alitaka kumchukua baba yake. Mzee alikataa, akasema huko hata ngazi za kupanda hakuna, watu wote wanaishi chini.

Nilikuwa naenda kumuona kila baada ya siku moja, saa ya chakula cha mchana.

Na hapa ndipo nilipofanya kile nilichodhani ni wema.

Kile cheti cha Jumamosi nilikiprinti kwenye karatasi nzito, nikakilamineti, nikakipeleka wodini. Nikamwekea kifuani.

"Mwanafunzi, umefaulu. Masaa arobaini kamili. Leseni mpaka mwakani."

Akavaa miwani. Akasoma jina lake. Akasoma tarehe. Akasoma tena tarehe.

Aliuliza nani alisaini. Nikamwambia Nurdin.

Aliuliza nani alithibitisha, maana anajua huwa wanauliza.

Nikaangalia dirisha la wodi.

"Mimi."

Hakukasirika. Bora angekasirika. Alikaa na kile cheti kifuani mpaka saa ya kuona wagonjwa ikaisha.

Safari iliyofuata nilimkuta Nurdin pale, kaleta machungwa. Mzee kamwambia anataka kuandika barua bodi, masaa kumi na sita yafutwe. Nurdin jasho linamtoka wodini kwenye feni.

Akamkumbusha kwamba hakuna semina nyingine mwaka huu. Akifuta, jina linatoka. Wateja wataondoka. Na bodi itauliza nani aliyesaini.

Mzee akamwambia jina lake halitatajwa.

Nurdin akasema watajua tu. Halafu akatoa la moyoni.

"Mzee wangu, sisi tumesainiana miaka kumi na tano. Ijumaa ngapi umenisainia mimi mchana?"

"Nyingi," Mzee akasema.

"Sasa?"

"Ulikuwa msikitini, Nurdin. Kila nilipokusainia nilijua ulipo." Akapumzika kidogo, maana kuongea kulimchosha. "Wewe uliponisainia, ulijua nilipo?"

Nurdin aliweka machungwa mezani moja moja, kama anayapanga gengeni. Akaaga. Akaondoka.

Tukabaki wawili. Mimi nikajaribu upande wangu. Nikamwambia Mzee, nyonga tu inatosha, mbona unataka kuvunja na leseni. Nikamwambia bodi haijui, hoteli haijui, Mungu anajua na ameshaona ulivyoteseka, hawezi kukunyima masaa kumi na sita.

Akanyoosha mkono, akanishika kidole kimoja. Hicho kimoja tu.

"Nikiyachukua haya masaa, maana yake nilikuwa hotelini. Nilikunywa chai, nilisikiliza mada. Imeandikwa, ina muhuri. Sasa yule aliyekuwa chini anagonga kopo siku mbili, ni nani? Karatasi inasema hakuwepo."



"Mimi nilikuwepo pale, Zulekha. Nataka kuwe na karatasi moja inayosema nilikuwepo."

Nikatoa simu, nikafungua pa kuandikia. Akasema, nikaandika.

Kwamba tarehe hizo mbili hakuhudhuria. Kwamba alikuwa bafuni kwake, ameanguka. Kwamba sahihi iliwekwa kwa wema na hamlaumu aliyeiweka. Kwamba anaomba masaa kumi na sita yafutwe.

Nilimuomba tuandike kwamba alikuwa mgonjwa, inatosha, mambo ya bafuni ya nini. Akasema, "Andika bafuni."

Nikaandika bafuni.

Mwisho nikaongeza mstari wangu, kwamba uthibitisho ule wa barua pepe ni wangu mimi, Zulekha wa stationari, yeye hakuujua. Akausoma. Akauacha.

Bodi wakajibu kwa heshima. Wamepokea, wamemshukuru, wamempa pole. Masaa yamefutwa. Jina limetoka. Akitimiza masaa, mlango uko wazi.

Mwezi wa kwanza Mzee alirudi nyumbani, anatembelea magongo. Ngazi hawezi. Anashinda juu, kwenye kibaraza kidogo kinachotazama barabara.

Wateja walipanda wiki ya kwanza kumpa pole. Wiki ya pili akapanda mmoja, kuchukua vitabu vyake.

Wiki ya tatu nikawa napanda mimi, mchana nikifunga duka nile. Namuwashia kompyuta yangu ndogo, anafuatilia semina za mtandaoni, kidogo kidogo anaanza upya kutoka sifuri. Nakula wali wangu pembeni, nasikiliza mambo ya kodi nisiyoyaelewa. Kuna siku hatuongei kitu kabisa.

Sijui kama hiyo ni dawa. Ni saa moja kwa siku. Siku ina masaa mengine ishirini na tatu.

Sasa juzi.

Nurdin alikuja dukani kuprinti vyeti vyake. Tangu siku ya machungwa nilikuwa sijamuona. Salamu ya haraka, macho kwenye mashine.

Nikamwambia Mzee yupo juu.

Akasema ni vizuri.

Nikamwambia mlango haufungwi siku hizi, ni kusukuma tu.

Nurdin alitoka, akasimama chini ya ngazi, bahasha mkononi. Alikunja suruali kidogo, kama mtu anayetaka kupanda. Akaangalia juu. Akaangalia saa. Kisha akaingia barabarani, spika ya viatu ikammeza.

Mchana nilipopanda, Mzee alikuwa kibarazani. Hakungoja hata niweke sahani.

"Nimeona kichwa cha Nurdin. Alikuja?"

"Alikuja kuprinti."

"Alisema nini?"

Jamani, mimi uongo wa kumfurahisha mtu ndio kazi yangu. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi: amekusalimu sana, alikuwa na haraka, anakuja Jumapili. Lingemshibisha wiki nzima.

Ningekuwa nimemsainia Nurdin mahali ambapo hakuwepo.

"Hakusema kitu, Mzee. Alisimama chini ya ngazi, halafu akaondoka."

Aliangalia barabara muda mrefu.

"Alisimama muda gani?"

"Kama dakika mbili."

"Dakika mbili," akasema. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea kitu halali yake. "Haya. Kaa ule."

Nikakaa nikala.

Ninyi mnaosoma haya ofisini, vyuoni, vikundini, najua mnasainiana. Sijaja kuwasema, sina leseni ya maadili. Ila ukimfunika mwenzako, mfunike ukijua alipo. Kiti kikiwa kitupu na hujui mwenyewe yuko wapi, hapo peni haina kazi. Hapo inatakiwa miguu.

Na kama kuna jina limekujia kichwani wakati unasoma, usinitumie mimi kopa na vikatuni vya kulia hapa mtandaoni.

Mpigie yeye. Asipopokea, panda.